Kuitembelea na Kuipiga Picha Miti Mikongwe ya Milimani: Mwongozo kwa Msafiri wa Dar es Salaam

Sehemu kubwa ya maji yanayofunguliwa bombani Kimara, Tabata na Sinza huchotwa kutoka Mto Ruvu, na mto huo hulishwa na misitu ya Milima ya Uluguru, ambako bado imesimama miti iliyoota kabla Sultani Majid hajaanza kuijenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860. Hata hivyo, wakazi wengi wa jiji huifahamu milima hiyo kwa kuiona dirishani tu wanapopita Morogoro kwa basi. Mwongozo huu unamlenga mtu mwenye kamera ya kawaida au simu yenye kamera nzuri, aliyepata siku tatu au nne za mapumziko, ambaye anataka kuifikia miti mikongwe ya milimani na kurudi na picha zinazolingana na kile alichokiona.

Sharti hilo la mwisho ndilo gumu. Mti wenye kimo cha mita 40, ulioishi karne kadhaa, hupungua ukubwa mara tu unapoingia katika picha: kilele chake hukatwa, shina lake huwa jeusi, na mbingu iliyo juu ya majani hugeuka doa jeupe lisilo na kitu. Ushauri wangu wa msingi, ambao mengine yote yanautegemea, ni kwamba msafiri achague miti michache, ikiwezekana mmoja kwa siku, akae nao tangu asubuhi hadi alasiri, badala ya kutembea njia nzima akipiga picha kila shina nene linalomkabili. Mwanga wa msituni hubadilika kila saa, na mti uleule uliokuwa hauna sura saa nne unaweza kujitenga na wenzake saa tisa ukungu unapoingia.

Mlima wa kuanzia

Kwa urahisi wa kufikika, Uluguru hauna mshindani. Treni ya umeme ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, humfikisha msafiri kwa muda usiozidi saa mbili, ingawa stesheni iko nje ya mji na humlazimu mtu kuchukua bajaji au daladala. Kutoka mjini njia hupanda kupitia mashamba ya Waluguru hadi Morningside, penye jengo la zamani la Wajerumani, kisha huendelea kuelekea msituni na kwenye kilele cha Bondwa, kinachozidi mita 2,000 na kilichosimikwa minara ya mawasiliano. Kadiri unavyopanda ndivyo miti inavyozidi kuwa mifupi, iliyopindapinda na kuvikwa mimea midogo ya kijani kuanzia mizizini hadi matawini, kwa sababu upepo, baridi na udongo mchache wa mgongoni mwa mlima haviiruhusu kurefuka. Wageni huipita miti hiyo wakitafuta majitu, ilhali unene na kimo si kipimo cha uhakika cha umri, na mti wa mita sita ulioko kwenye mgongo wenye upepo unaweza kuwa mkubwa kiumri kuliko jitu lililoko bondeni.

Chaguo langu binafsi, hasa kwa safari ya kwanza ya kupiga picha kwa makini, ni Usambara Magharibi. Mabasi ya Lushoto huondoka Kituo cha Mabasi cha Magufuli, Mbezi Luis, hupita Chalinze na Korogwe, na yakifika Mombo huiacha barabara kuu na kuanza kupanda kona kwa kona. Juu ya mji wa Lushoto kuna Hifadhi ya Mazingira Asilia Magamba, inayosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, yaani TFS, na humo ndimo ilimo mikulo na mipodo. Mkulo, ambao kitaalamu huitwa Ocotea usambarensis na ambao Wachaga huuita mseri, ndio mti wa kuufuata. Shina lake likizeeka hupasuka mifereji, huoza kiini na kubaki na uwazi ndani huku ganda la nje likiendelea kuishi. Isitoshe, huzaliana zaidi kwa machipukizi ya mizizi kuliko kwa mbegu, kiasi kwamba utakuta kisiki cha mzee aliyekwisha kuanguka kimezungukwa na mashina machanga yaliyotoka katika mizizi yake mwenyewe. Duara hilo ni somo zuri la picha kuliko shina moja lililonyooka, kwa kuwa linaonyesha umri bila kuhitaji maelezo marefu.

Upande wa Shume, ambako ni pakavu zaidi, kuna mitarakwa. Wakati wa utawala wa Wajerumani mbao za mti huu ziliteremshwa kutoka Shume hadi kituo cha reli cha Mkumbara kwa njia ya kamba za chuma zilizoning'inizwa juu ya genge. Jambo hilo linamhusu mpiga picha moja kwa moja: miti iliyofikiwa na mashoka na misumeno ilikwisha, na mingi kati ya mikongwe iliyosalia imo katika miteremko mikali na makorongo ambako gogo lisingeweza kutolewa. Kwa hiyo ukimwomba mwongozaji wako akupeleke kwenye mti mkubwa, mwulize pia kuhusu kona zenye mteremko ambazo watu hawazipendi.

Usambara Mashariki, inayofikiwa kupitia Muheza, iko chini zaidi, na Amani yenyewe ipo kwenye takribani mita 900 tu. Naitaja kwa sababu moja. Wajerumani walianzisha pale kituo cha utafiti wa mimea na kilimo mwaka 1902, na bustani ya miti iliyobaki ni darasa la kujifunza kutambua aina za miti kwa gome, majani na matunda. Anayekwenda milimani bila kuweza kutofautisha msambu na mkulo atapiga picha nzuri asizoweza kuzieleza.

Kilimanjaro ni shughuli ya bajeti nyingine. Ukipita lango la Marangu, lililo kwenye mita zipatazo 1,870, unaingia moja kwa moja katika msitu wa mvua, na mwendo wa kilomita nane hivi hukufikisha Mandara, mita 2,720. Safari hiyo inaweza kufanywa kwa siku moja bila kulala mlimani, na kwa mpenda miti inatosha kabisa, ikizingatiwa kwamba karibu na Mandara, njiani kuelekea kreta ya Maundi, miti hufunikwa na nyuzi za kijivu zinazoning'inia matawini na kushika matone ya ukungu. Anayetaka senesio wakubwa, yaani Dendrosenecio kilimanjari, itamlazimu aendelee hadi Horombo, mita 3,720, na kulala huko. Mimea hiyo hukua taratibu mno na hujigawa matawi baada ya kutoa maua, hivyo mwenye matawi mengi ameishi muda mrefu. Majani yake yaliyokufa hayadondoki bali hubaki yamelivika shina na kulikinga dhidi ya baridi ya usiku. Usiyang'oe ili kupata picha ya shina safi, kwa maana utakuwa umeuvua mmea nguo yake.

Mlima huo pia una mti mrefu kuliko miti yote ya asili iliyokwisha kupimwa barani Afrika, mkukusu wa mita 81.5 ulioko katika korongo la upande wa kusini, ambao taarifa zake zilichapishwa na mtafiti Andreas Hemp na wenzake mwaka 2016. Nimeutaja kwa heshima yake, si kwa kuupendekeza kwa mgeni. Korongo ni la kina kirefu, miti jirani imesongamana, na hakuna mahali pa kusimama ambapo utauona mzima.

Udzungwa nao uliingia katika habari mwaka 2025, wataalamu wa mimea walipoutambulisha rasmi mti mpya kwa sayansi, Tessmannia princeps, kutoka misitu ya vijiji ya Boma la Mzinga na Uluti, unaofikia mita 40 na unaokadiriwa kwamba baadhi yake huenda imeishi hadi miaka 3,000. Kwa kuwa misitu hiyo ni mali ya vijiji, anayetaka kufika aanze na ofisi ya serikali ya kijiji, na ajiandae kwa safari ya siku nyingi kuliko zile nilizozieleza hapo juu.

Umri wa mti na namna ya kuusema

Kabla hujaandika chini ya picha kwamba mti una miaka elfu moja, jiulize umejuaje. Katika nchi za baridi mti huweka duara moja la ukuaji kila mwaka, na anayehesabu maduara huhesabu miaka. Katika misitu yetu ya milimani, ambako mvua hunyesha miezi mingi na joto halibadiliki sana, aina nyingi haziweki maduara yanayoeleweka, au huweka mawili kwa mwaka kufuatana na masika na vuli. Ongeza kwamba miti mingi mikongwe imeoza kiini, na kwamba sehemu iliyooza ndiyo iliyobeba miaka ya mwanzo. Ndiyo maana wanasayansi hutumia vipimo vya kaboni au hukadiria kwa kasi ya ukuaji, na hata mkukusu wa Kilimanjaro umekadiriwa kuwa na miaka 500 hadi 600, si kuhesabiwa. Mwongozaji akikutajia umri, msikilize kwa adabu, kisha andika neno "inakadiriwa". Kwa maoni yangu, simulizi ya mzee wa kijiji kwamba babu yake aliukuta mti ukiwa na unene uleule ina thamani kubwa kuliko namba isiyo na chanzo.

Msimu, saa na ukungu

Masika, yaani Machi hadi Mei, njia za Usambara na Uluguru huteleza na baadhi ya barabara hukatika. Kipupwe, Juni hadi Agosti, ndicho kipindi ninachokipenda kuliko vyote: mvua ni chache, baridi ni kali kwa mtu wa pwani, na asubuhi nyingi mawingu hulala juu ya msitu. Januari na Februari mbingu huwa wazi bila mawingu mengi na jua ni kali, hali inayomfaa anayetaka kuona mbali lakini inayomsumbua anayepiga picha ndani ya msitu.

Hapa inafaa kusema wazi jambo ambalo wengi hulichukulia kinyume. Jua si rafiki wa picha za msituni. Likipenya majanini huangusha mabaka meupe juu ya shina lililo kivulini, na kamera haiwezi kuvibeba viwili hivyo kwa pamoja: ama mabaka yataungua, ama shina litazama gizani. Siku ya mawingu mwanga huenea sawasawa, gome huonyesha mifereji yake yote, na kijani cha majani hukolea. Ukungu unazidi kwa sababu unaifuta miti ya nyuma. Msituni tatizo kubwa ni kwamba kila kitu kinagusana na kila kitu. Tawi la mti huu linaingia katika jani la mti ule, na macho ya mtazamaji hayajui yatue wapi. Ukungu ukishuka, kilicho karibu hubaki cheusi na wazi, kilicho nyuma yake hufifia, na cha mbali zaidi hutoweka. Mti wako unabaki peke yake bila wewe kukata hata kijiti. Kwa hiyo siku ambayo watalii wengine wanarudi hotelini wakinung'unika kwamba hawakuona mandhari, wewe ndipo uingie msituni.

Saa za kazi ni kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa tatu asubuhi, na tena kuanzia saa tisa alasiri. Kwenye makorongo jua huchelewa kufika, na unaweza kupata mwanga laini hadi saa nne. Juu Horombo mambo hugeuka: asubuhi huwa angavu na mawingu hupanda kutoka msituni kufikia mchana, hivyo senesio hupigwa picha alfajiri, wakati barafu nyembamba bado iko kwenye majani, au jioni.

Vifaa

Vichache vinatosha. Stendi ya miguu mitatu ni ya lazima zaidi kuliko lenzi mpya, maana mwanga wa msituni ni mdogo na mkono hauwezi kutulia kwa kasi ya shata ya sehemu moja ya kumi na tano ya sekunde. Kichujio cha polaraizi huondoa mng'ao wa maji juu ya majani na kurudisha rangi yake, na athari hiyo huwezi kuiiga baadaye kwenye kompyuta. Kama una lenzi ya kubadilisha, beba moja pana ya wastani na moja ya kuvuta mbali. Lenzi pana kupita kiasi huuinamisha mti na kuufanya uonekane kama unaanguka chali. Betri huisha upesi kwenye baridi, kwa hiyo ya akiba ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili. Vitambaa safi vya kufutia lenzi viwe zaidi ya kimoja, kwa kuwa cha kwanza kitalowa ndani ya nusu saa.

Mavazi ya baridi hayana haja ya kuwa ghali. Soko la mitumba la Karume, Ilala, lina makoti ya mvua na sweta nzito kuliko tunavyohitaji mjini. Suruali ndefu iliyochomekwa ndani ya soksi itakukinga dhidi ya siafu na upupu, viumbe viwili ambavyo havingoji umalize kupanga picha yako.

Kabla ya safari, nenda ukafanye mazoezi Pugu. Msitu wa Pugu si wa milimani, lakini giza lake la chini ya miti ni la kutosha kukufundisha kamera yako inavyofanya kazi mwanga unapokuwa haba. Hata Bustani ya Mimea ya katikati ya jiji, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893, inafaa kwa zoezi la kuuweka mti mzima ndani ya fremu bila kuupinda.

Mbele ya mti

Ukifika, usitoe kamera. Uzunguke mti kwanza kwa umbali wa mita kadhaa, ukitazama mizizi bapa inayoinuka kutoka ardhini, majeraha ya matawi yaliyoanguka, mimea iliyoota juu yake na upande ambao mwanga unatokea. Kisha ondoka. Tafuta sehemu ya mteremko iliyo mkabala na mti, au mwinuko utakaokuweka usawa wa katikati ya shina. Hii ndiyo siri ya kupiga picha miti mirefu milimani, na ndiyo faida ambayo mlima unakupa na nchi tambarare haikupi: mteremko wa upande wa pili ni ngazi ya bure. Ukiwa usawa wa katikati ya mti, kamera haiinami, mistari ya shina hubaki wima, na kimo chote huonekana kilivyo. Wakati mwingine nafasi hiyo iko mita 100 kutoka mtini, na itakubidi utumie lenzi ya kuvuta mbali kupitia uwazi mdogo kati ya majani.

Pasipo nafasi ya namna hiyo, kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuunganisha picha kadhaa: iweke kamera kwenye stendi, anza mizizini, panda taratibu hadi kileleni, kila picha ikirudia theluthi ya ile iliyotangulia, na mwangaza ukiwa umefungwa ili usibadilike njiani. Kwenye simu, mfumo wa panorama hufanya kazi hiyo ukiilaza simu na kuipandisha kwenda juu polepole. Njia ya pili, ambayo naipendelea, ni kuacha kabisa kutafuta mti mzima. Sehemu ya chini ya mkulo uliopasuka, pamoja na machipukizi yake, husema mengi kuliko nguzo ndefu iliyobanwa ndani ya fremu. Hali kadhalika gome la mtarakwa lililochanika vipande vyembamba, au mpindo mmoja wa tawi lililobeba mzigo wa mimea midogo ya kijani.

Kuhusu mwangaza, kamera hudanganywa kwa namna mbili zinazopingana. Mbele ya ukungu huona weupe mwingi na kuipunguzia picha mwanga hadi ukungu unakuwa wa kijivu kichafu. Ongeza mwangaza kwa theluthi mbili ya hatua hadi hatua moja kwenye kipimo cha mwangaza cha kamera (+0.7 hadi +1). Chini ya mti, ikielekezwa juu, huona giza la shina na kuifanya mbingu iungue. Hapo punguza, au bora zaidi usiiweke mbingu ndani ya picha. Kwenye simu gusa mahali palipo na mwanga zaidi kwenye kioo, shikilia mpaka mwangaza ujifunge, kisha upunguze kidogo. Usitumie ukuzaji wa kidijitali. Sogea au ukate picha baadaye. Tundu la lenzi la f/8 hutosha kuifanya mizizi ya mbele na shina la nyuma viwe wazi, ISO, yaani kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ibaki chini, 100 au 200, na kasi ya shata iachwe iwe ndogo kadiri inavyotakiwa, mradi upepo umetulia. Kama majani yanatikisika, subiri. Upepo wa milimani huja na kuacha pengo, na pengo la sekunde chache ndilo unalolihitaji. Hifadhi picha katika mfumo wa RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalibana, kama kamera yako inao, maana giza la shina linaweza kufufuliwa baadaye bila kuharibu rangi.

Ukubwa hauonekani bila kipimo. Mwombe mwongozaji asimame ubavuni mwa shina, akiwa umbali uleule na mti kutoka kwenye kamera, kwa sababu akikusogelea ataufanya mti uonekane mdogo kuliko ulivyo. Autazame mti badala ya kukutazama wewe. Nguo yenye rangi moja iliyokolea humsaidia mtazamaji kumwona haraka, lakini koti la rangi ya kung'aa litavuta macho yote na kuuacha mti nyuma.

Ruhusa, wenyeji na adabu za msitu

Hifadhi za mazingira asilia hutoza kiingilio, na viwango hutofautiana kati ya raia na mgeni, hivyo beba kitambulisho cha Taifa. Malipo hufanywa kwa kumbukumbu namba utakayopewa na ofisi, kupitia simu au benki. Mtu akikutaka umpe fedha taslimu njiani, mwambie akuelekeze ofisini. Kilimanjaro mwongozaji ni wa lazima. Mahali pengine, hata pasipo lazima, mchukue wa kijiji husika, kwa kuwa yeye ndiye anayejua mti upi uko wapi na njia ipi imefungwa na mti ulioanguka wiki iliyopita. Picha za biashara na ndege zisizo na rubani zinahitaji vibali maalumu vinavyochukua muda. Usiende na droni ukidhani utaomba ukifika.

Kuna miti ambayo si ya kupigwa picha bila kuuliza. Usambara, Upare na Uchagani kuna misitu na miti ya matambiko, na mara nyingi ndimo ilimo mikongwe kuliko yote, kwa sababu miiko iliilinda pale ambapo sheria haikufika. Ukielekezwa kwa mzee, mpe shikamoo, keti kama umekaribishwa, eleza ulikotoka na unachokitaka, na uwe tayari kukataliwa. Akikuruhusu, usipige picha vitu vilivyowekwa chini ya mti. Uchagani usikanyage wala kukata masale, mmea ambao hupandwa kuweka mipaka na hutumika katika kuombana radhi.

Kuhusu mti wenyewe, kanuni ni chache: usipande juu ya mizizi, usichonge gome, usikate kitawi kinachokuzibia. Nyayo za watu wengi hugandamiza udongo, na mizizi myembamba inayonyonya maji iko karibu sana na uso wa ardhi. Kwa sababu hiyohiyo, zima huduma ya kuonyesha mahali kwenye simu kabla ya kupiga, na usiweke mtandaoni ramani ya kuufikia mti. Marekani mamlaka ya misitu haitangazi uliko msonobari wa Methuselah, ulioko katika milima ya White Mountains, California, na wenye umri unaozidi miaka 4,800, kwa hofu ya wageni kuuharibu. Na mwaka 1964, huko Nevada, mti mwingine wa jamii hiyo uliopewa jina la Prometheus ulikatwa kwa ajili ya utafiti, na maduara yake yalipohesabiwa ndipo ilipojulikana kwamba ulikuwa mkongwe kuliko miti yote iliyokuwa imehesabiwa hadi wakati huo. Kwetu hatari ni ya aina nyingine. Mkulo ni mbao inayotafutwa sana, na picha yenye mahali kamili humwelekeza pia mwenye msumeno.

Mwili wa mtu wa pwani

Hadi mita 2,500 hakuna la kuogopa zaidi ya baridi na kuteleza. Ukipita hapo, hasa ukilala Horombo, mwili uliotoka usawa wa bahari siku moja au mbili kabla unaweza kukuletea maumivu ya kichwa, kichefuchefu na kukosa usingizi. Tembea polepole, kunywa maji, usikimbilie picha iliyo juu ya kilima kwa kuwa mwanga unakwisha. Hali ikizidi, dawa ni kushuka, na uamuzi wa mwongozaji kuhusu jambo hilo haujadiliwi.

Baada ya kurudi

Adui wa mwisho wa vifaa vyako ni joto la Dar es Salaam lenyewe. Ukishuka Mbezi kutoka katika basi la kiyoyozi na kufungua mfuko hapohapo, unyevu wa hewa utatanda juu ya lenzi na ndani yake. Ifunge kamera ndani ya mfuko wa plastiki kabla ya kushuka, uifungue nyumbani baada ya saa moja au mbili. Lenzi iliyoshinda ukunguni kisha ikafungiwa kabatini kwenye unyevu wa pwani huota kuvu, na kuvu ikishika kioo haitoki kwa kitambaa. Iache ikauke mahali penye hewa, kisha uihifadhi kwenye chombo kinachofungwa vizuri pamoja na vipakiti vya kukausha unyevu.

Picha uzichambue mapema, kumbukumbu ikiwa bado mbichi, na kila utakayoibakiza uiandikie tarehe, jina la hifadhi, mwinuko, jina la mti kwa Kiswahili na la kitaalamu kama unalijua, jina ambalo wenyeji wanauita, pamoja na yale uliyoambiwa na nani aliyekuambia. Mahali kamili ulipo mti pabaki katika daftari lako na katika ofisi ya hifadhi. Chapisha nakala moja au mbili kwenye karatasi katika studio yoyote ya Kariakoo na uzitume kwa mwongozaji na kwa mzee aliyekuruhusu, kwa basi la asubuhi, zikiwa ndani ya bahasha ngumu ili zisikunjike.